Mlio Njiani kwa Wakwe

Zahran bin Khalfan alikuwa katikati ya kujisifu gari lilipoanza kugonga.

Walikuwa wameacha nyuma mitende ya mwisho ya mji wao, barabara imeanza kuelekea juu, na yeye alikuwa akimweleza mkewe, kwa mara ya ngapi sijui, jinsi magurudumu mapya yanavyoishika lami. Yalikuwa mapana, meusi ti, rimu zake zinameremeta, na katikati ya kila rimu kuna kifuniko cha kung'aa kinachoficha nati zote zisionekane. Aliyafunga mwenyewe uani kwake. Fundi ana haraka, alisema, fundi ana foleni ya magari inamsubiri. Yeye mkono wake anaujua. Alipofika kwenye huo mkono wake ndipo ikaja: tok. Kimya. Tok. Kimya. Kisha tok-tok za kufuatana, halafu basi.

Zahran akanyamaza pamoja na gari.

"Umesikia?" mkewe Ghaliya aliuliza.

"Nisikie nini?"

"Baba Rayya, masikio yangu mazima. Kuna kitu kinagonga."

"Jiwe hilo. Limeruka likapiga chini."

"Jiwe gani lenye kubisha hodi?"

Kabla hajajibu, likabisha tena.

Safari ya siku ile haikuwa ya kwenda kubadili hewa. Huko juu mlimani, kijijini kwa mumewe, Rayya alikuwa anawasubiri na tumbo limeshashuka. Ndiye mtoto wao wa pekee. Ghaliya alimpata baada ya miaka ya kulia na kuomba, na kabla yake alizika wengine ambao hata majina hawakuwahi kupewa. Mimba ya kwanza watu wa huku huzalia kwa mama. Mwanamke anarudi kwao, anajifungua, analala arobaini yake huku analishwa supu ya kuku na asali, na hana mkwe wa kumwamkia asubuhi na uso wa usingizi. Kwa hiyo Rayya lazima ashuke, na wa kwenda kumshusha ni baba yake. Njia ya kumshushia ni ileile wanayoipanda sasa, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili hewa tupu. Kwa ukali wa mteremko wake, polisi pale kizuizini hawapitishi gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Pembeni zimechimbwa njia za changarawe za kukimbilia gari lililokatika breki, na kila anayezipita huangalia upande mwingine.

Na magurudumu yale yasingenunuliwa lau si mdomo wa Muhanna. Huyu Muhanna bin Saif ndiye mkwe wao, baba wa Badr, mume wa Rayya, mwenye mashamba ya makomamanga huko juu na ulimi mkali kuliko kisu chake cha kupogolea. Sikukuu iliyopita, sebule imejaa wanaume, alichungulia dirishani akayatazama matairi ya Zahran, yaliyolika yakawa laini kama kandambili za msikitini, akasema: "Baba Rayya, gari hilo litamshusha binti, au binti atashuka alisukume?" Watu wakacheka. Zahran naye akacheka, meno nje, moyo unachemka.

Jumanne mkwe huyohuyo alishuka kuuza makomamanga yake sokoni, akapitia kwao bila taarifa na kikapu cha zawadi, akamkuta Zahran yuko uani amechuchumaa kwenye magurudumu mapya. Akakaribishwa, akanywa kahawa. Kabla ya kuondoka aliyazunguka yale magurudumu, akasema mashallah zake, akasema, "Haya, Alhamisi tunawangojea." Tangu hapo gari halikutoka uani. Zahran alililinda hata vumbi lisilipate, mpaka asubuhi hii.

Na sasa linabisha hodi.

Kizuizini askari alitazama leseni, akatazama gari, akasema, "Magurudumu hayo, ustadhi!" akawapungia mkono wapite. Siku nyingine sifa hiyo ingemlisha Zahran mpaka jioni. Leo aliipokea kama mtu anayepewa pole.

"Fungua dirisha lako," alimwambia mkewe walipoanza kupanda. Akalisogeza gari karibu na ukuta wa mwamba, polepole, ili mwamba uwarudishie sauti. Matairi yalivuma, na hilo alilitegemea, tairi pana huvuma. Lakini ndani ya mvumo ule kulikuwa na ile tok. Gari likikaza mwendo nayo inakaza. Breki ikikanyagwa inanyamaza kidogo. Kona ya kushoto inazidi, kona ya kulia inapungua. Zahran alizijaribu kona tatu nne, ametoa kichwa nje, kilemba kinapepea, na gari lililokuwa nyuma yao likampigia honi ya hasira.

"Upande wa kulia," alisema. Jasho lilikuwa linamshuka ndani ya kola. "Iko upande wa kulia. Mbele, nafikiri. Yaweza kuwa beringi. Au rimu inagusa breki. Au..."

"Upande wangu mimi?" Ghaliya alijikunja kitini. "Mbele kulia?"

"Mbona umeshtuka?"

"Sijashtuka." Akajirekebisha shela. "Ila sauti hii mimi nimeshaisikia. Ile mashine yangu ya kufulia juzi, nilipotia nguo zako za kazi, ilifanya hivihivi, tok, tok, nikaizima, nikatia mkono..."

"Mama Rayya! Mimi nahangaika na gari litakalobeba roho za watu, wewe unaniletea mashine ya kufulia?"

"Nilikuwa nasema tu."

"Usiseme."

"Haya, bwana. Nimenyamaza."

Na Ghaliya akisema amenyamaza hunyamaza kweli. Ndiyo adhabu yake.

Palipopatikana upana wa kuegesha, Zahran alisimama. Aliweka mawe nyuma ya matairi, akatoa bisibisi na spana, akakibandua kile kifuniko cha gurudumu la mbele kulia. Kikamdondokea miguuni kifurushi kidogo cha kitambaa chekundu kilichofungwa uzi. Akakifungua. Ndani mna jiwe jeupe na chumvi ya mawe.

"Hii nini?"

Ghaliya alikuwa anautazama mlima kwa makini sana.

"Ghaliya."

"Shabu."

"Shabu naijua. Inafanya nini ndani ya gurudumu langu?"

"Watu wana macho, Baba Rayya, na shabu hukinga jicho baya! Mkwe wako aliyazunguka, akayarudia, akayazunguka tena. Mwenzio nikae tu? Ana magari yake ya kila namna, na bado anatazama magurudumu ya mwenzake! Usiku nikachukua kisu cha jikoni nikabandua hapo, nikaitia. Moja tu. Nilitaka kutia yote manne, kucha ikavunjika."

Zahran alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Alicheka mpaka akaegemea gari. Akaipigapiga ile shabu kwenye rimu: tok, tok. Hiyo hapo! Kisha, kwa kuwa ameshafungua, akaijaribu kila nati kwa spana. Hakuna iliyosogea hata unywele.

"Tazama," alimwambia mkewe, "tazama zilivyokazwa. Si nilikuambia? Mkono huu!"

Hakufungua magurudumu mengine. Ya nini? Mkono uliofunga lile ndio uliofunga yote.

Walipanda kona mbili bila mlio, Ghaliya akirudisha sauti yake taratibu na kuanza kupanga chumba cha Rayya, kitanda kigeuzwe wapi na dirisha lipi lifungwe. Ile tok ilirudi alipokuwa kwenye mapazia. Safari hii ilikuwa nzito zaidi, na iliambatana na mtetemo mdogo uliopanda kwenye viti, kama simu inayotetemeka chini ya mto.

Ghaliya aliyaacha mapazia yake.

"Turudi," Ghaliya alisema.

"Nirudi nikamwambie nini Muhanna?"

"Mwambie gari bovu."

"Magurudumu yana siku mbili, Ghaliya."

"Basi mwambie mkeo mbovu! Mimi ninaogopa. Nakuambia wazi, naogopa."

Naye alikuwa anaogopa. Lakini alikuwa na woga wa aina mbili, na ule wa kuchekwa, aibu kusema, ndio uliokuwa unashika usukani. Alipunguza mwendo mpaka malori ya maji yakawapita. Masikio yake yalimuuma kwa kusikiliza. Alisikia mambo ambayo gari lile lilikuwa likiyafanya miaka yote, mlio wa mkanda wa kiti, chupa ya maji ikibiringika chini, na kila kimoja kilimshtua.

Muhanna aliwapokea mlangoni kwake, kanzu yake imenyooka haina kunyanzi.

"Tangu kona ya chini nawasikia," alisema. "Nikamuuliza mama watoto, hao ni wakwe zetu au ni mbuzi mwenye kengele?"

"Ni lami yenu mbovu, Baba Badr."

"Lami yetu! Lami tumewekewa mpya."

Zahran alikuwa na hamu moja tu, apige magoti na kulitazama gari. Lakini nani anafika kwa mkwe akaanza na gari? Aliingia, akaketi kwenye zulia, akaulizwa habari, akasema njema. Akauliza habari, akaambiwa njema. Akaulizwa habari za mji, za mvua, za ndugu zake mmoja mmoja, akazisema zote njema, na tok ile inagonga kichwani mwake. Zikaja tende, kikaja kikombe cha kahawa, kikarudi, kikaja tena. Alipotikisa kikombe kuonyesha ametosheka, ukaja wali na nyama. Alikula kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto alikuwa anahesabu kona kwenye goti.

Kisha Rayya akaja kumsalimu, akainama kwa shida akambusu paji la uso. Alikuwa ameshika kiuno.

"Baba, mbona umepauka?"

"Mimi? Jua tu."

"Na miye mgongo unaniuma tangu asubuhi," alimnong'oneza. "Sijamwambia mtu. Unakuja unaondoka."

Zahran alinyanyuka kabla ya sahani kuondolewa, na Muhanna akainua nyusi.

Nje palishajaa wataalamu. Gari likigonga kijijini, kila mwanaume ni fundi. Mmoja alisema beringi, anaapa beringi. Mwingine alisema tairi pana mno linagusa madigadi ya nyuma. Wa tatu, aliyewahi kuendesha lori la jeshi, alisema ni difu, lile sanduku la gia za ekseli, akataka lifunguliwe hapohapo. Zahran akawapakia wote, akaendesha kuuzunguka uwanja. Gari lilikuwa kimya, adabu tele, kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari.

"Haliumwi," alisema yule wa lori. "Limechoka kupanda tu."

Zahran hakuridhika. Alijilaza chini kwa kanzu yake nzuri, akapenyeza mikono ndani ya magurudumu ya mbele, akapapasa breki, akapapasa mipira, akatoka na mikono myeusi mpaka viwiko. Hakuona kitu. Alipotoka, Ghaliya alikuwa ameshasimama mbele yake na mkoba wake begani.

"Maumivu yanamjia," alisema kwa sauti ya chini. "Mbalimbali bado, lakini yanakuja. Tuondoke sasa au tuseme tunabaki."

"Na abaki," Muhanna alisema kutoka nyuma yao. "Kituo cha afya kipo, mama mkwe yupo, kitanda kipo. Kwani huku hawazaliwi watu? Mimi nimezaliwa wapi? Gari lenyewe hilo, Baba Rayya, wewe mwenyewe huliamini. Nimekutazama."

Rayya alikuwa amesimama mlangoni, amejiegemeza. Hakusema kitu mbele ya mkwe wake. Alimtazama baba yake tu, jicho lilelile alilomtazama nalo siku ya kwanza ya shule, kwamba tulipatana, baba, utakuja kunichukua.

"Anashuka," Zahran alisema.

Wakampandisha kiti cha nyuma, upande wa kulia, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi ya kuweka mito. Akawa amekaa juu kabisa ya gurudumu la nyuma. Mama yake akapanda ubavuni mwake. Mumewe Badr, aliyekuwa kazini pwani, alipigiwa simu akaambiwa awangojee hospitali mjini. Mama mkwe alisoma dua dirishani, udi ukafukizwa, kikapu cha makomamanga kikapenyezwa miguuni ambako hapakuwa na nafasi. Ikabaki kuagana.

Muhanna alimjia Zahran mkono umenyooshwa. Zahran aliutazama mkono ule safi, akautazama wake mweusi, akaukunja ngumi, akampa kifundo cha mkono. Muhanna akakishika kifundo, akakitikisa, kama watu wafanyavyo wanapomkuta mtu kazini.

"Safari njema," alisema. "Mara hii ya pili unanisalimia kwa kifundo. Jumanne nayo..."

Zahran hakusikia mengine.

Jumanne. Alikuwa amechuchumaa penye gurudumu la mwisho, nyuma kulia. Ameshalipachika, nati ameshazizungusha kwa vidole, amebakisha moja na spana iko mchangani karibu na goti. Ndipo likaja "Hodi!" na kivuli cha mkwe juu yake. Alinyanyuka kama aliyeungua. Mikono imejaa grisi, akampa kifundo. "Acha hayo, njoo uketi," Muhanna alimwambia, na yeye akaacha, maana mgeni hasimamishwi uani ati unamalizia kazi. Akaenda kunawa. Akavaa kanzu safi. Kahawa, tende, habari zote njema. Na mgeni alipotaka kuyaona magurudumu, aliharakisha mbele, akashusha jeki na kukipachika kifuniko kwa kiganja, pa! ili mkwe aone yaliyokamilika. Hakumbuki kukaza. Alijitahidi, alitaka sana kukumbuka, na kilichomjia ni ladha ya kahawa tu.

"Rayya," alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Rayya, mwanangu, shuka."

"Baba?"

"Shuka ndani ya gari hilo. Ghaliya, mshushe! Mshushe sasa hivi!"

"Una nini, Zahran?" Mkewe hakumwita hivyo mbele za watu hata siku moja.

Alikuwa ameshapiga magoti nyuma kulia na bisibisi. Kifuniko kilitoka, kikabiringika uwanjani. Zahran aliweka vidole viwili kwenye nati ya kwanza, na nati ikazunguka. Vidole viwili tu, kama kifuniko cha chupa. Ya pili ikazunguka. Chini, mahali pa ya sita, palikuwa na msumari wa kufungia, mtupu, hauna nati, unatazama nje, na tundu la rimu limeshaanza kuliwa pembeni, chuma kipya kinang'aa.

Wale wataalamu waliinama wote pamoja. Hakuna aliyetaja beringi.

Ghaliya alimkabidhi Rayya kwa mama mkwe wake. Akafungua mkoba. Akachakura chini ya leso na tasbihi, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cheusi cha mumewe. Ilikuwa nati, safi kabisa, inanukia sabuni.

"Ndiyo iliyokuwa inagonga ndani ya mashine," alisema. "Mfukoni mwa nguo zako za kazi. Niliichukua nikuulize ni ya kitu gani."

"Mbona huku..." Zahran alianza, kisha akakumbuka, akafunga mdomo. Ghaliya hakusema neno. Alikuwa na haki ya kusema mengi, na watu wa kumsikiliza walikuwepo.

Zahran alikaa chini pale pale mavumbini, akalia. Hakujificha. Akilini alimwona Rayya juu ya gurudumu lile kwenye kona ya tatu, ile ambayo ukingo wake umebomoka. Aliona alivyompandisha huko Ghaliya kwa ajili ya neno moja la sikukuu. "Ni mimi," alisema. "Si jicho la mtu, si lami. Ni mimi, niliacha."

Mmoja wa majirani alikohoa. Kicheko kilikuwa karibu, kila mtu alikisikia kinavyokuja, na hadithi ya Zahran ingekuwa imeshafika bondeni kabla ya gari lake. Muhanna aligeuka akawatazama. Kikarudi kilikotoka.

Kisha mkwe yule, kwa mazoea tu ya maisha yake yote, akasema, "Basi, inuka, Baba Rayya. Ingia ndani unawe, upate kahawa, moyo utulie. Watu wapo hapa, watamalizia."

"Hapana," Zahran alisema.

Alilisema uwanjani kwa mkwe, kwa mwenye nyumba mwenyewe, kukataa kahawa yake. Mama mkwe alishika kifua.

"Kahawa yako haina kasoro, na miye sina adabu. Nisamehe. Lakini leo siliachi gurudumu hili."

Akaipachika ile nati ya sita. Akakaza zote moja baada ya nyingine kwa kuvuka, ya juu na ya chini yake, mpaka spana ikagoma. Akaenda la pili, akaenda la tatu, akalirudia hata lile alilokwisha kulikagua njiani. Muda wote huo Muhanna alisimama karibu yake, amevishika vile vifuniko vya kung'aa kifuani kama sahani. Zahran alipomaliza alinyoosha mkono kuvitaka. Kisha akabadili mawazo.

"Baki navyo," alisema. "Nataka nati zangu niwe naziona."

Waliteremka kwa gia nzito. Matairi yalivuma, na hapakuwa na kingine. Ghaliya alisikiliza, Rayya alisikiliza, na Zahran alisikiliza kwa mwili mzima. Katikati ya mteremko alisimamisha gari, akashuka na spana, maana magurudumu mapya hulegea kidogo yakishatembea. Maumivu yakamshika Rayya hapohapo.

"Zahran, twende!" Ghaliya alipiga kelele.

"Zimebaki chache."

"Mtoto hangoji nati!"

"Mwache amalize, mama," Rayya alisema, ameukamata mlango kwa mikono miwili, meno yameumana. "Mwache baba amalize."

Alimaliza. Badr alikuwa mlangoni mwa hospitali wakati wanafika, na usiku huo akazaliwa msichana, mzima, wa kelele nyingi.

Muhanna alishuka kumwona mjukuu siku ya kuuza makomamanga ya mwisho ya msimu. Ghaliya alimwona kwanza, kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa amesimama getini na kikapu, kanzu imenyooka, na uani Zahran alikuwa amempa mgongo, amelala nusu chini ya gari anafunga kitu kwa spana. Ghaliya alingoja aisikie hodi. Haikuja. Alidhani mzee haoni vizuri, akajifuta mikono atoke kumkaribisha, kisha akaelewa akabaki alipo. Jua lilikuwa kali na mtoto alikuwa analia ndani. Muhanna alihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda mkono huu, akaegemea nguzo ya geti, akaendelea kungoja. Mpaka alipoona spana imelazwa chini ndipo akatoa salamu.